Mstari Mmoja na Nyamhanga Sita

Nyangi, aliyekalia kiti changu sasa, aliniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa makabidhiano. Ukurasa mmoja! Nimefanya kazi katika ushirika wetu wa wafugaji hapa Mugumu tangu nikiwa msichana wa kupiga taipu mpaka nikawa bibi wa kompyuta, na hicho kiti peke yake kinahitaji nusu ukurasa, maana mguu wake wa nyuma hulegea ukiegemea upande wa kulia. Basi nimeamua kuandika kama nitakavyo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara kila mmoja wenu anaifahamu. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo maafisa TEHAMA wapya hulipita mbio darasani, yaani tofauti ya seva ya wavuti na seva ya programu. Mimi niliisahau mchana mmoja tu, nikakaribia kumkosesha mwanangu mke.

Siku ya kwanza kazini niliwekwa masijala. Kila mwanachama wa ushirika alikuwa na faili lake, na ndani yake walikuwemo ng'ombe wake wote kwa maandishi: rangi, pembe, chapa, na kasoro kama zipo. Mwanachama akitaka kuhamisha ng'ombe kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ushirika humpa hati ya mifugo inayosema huyu ni fulani na hawa ndio ng'ombe wake. Njiani kuna vizuizi, na wakaguzi huiomba hati hiyo kabla hata ya kumsalimia mtu. Huku kwetu ng'ombe asiye na maelezo ni balaa kwa anayemswaga. Kwa hiyo nilielewa mapema kwamba kazi yetu haikuwa karatasi. Ilikuwa ni kumwezesha mtu apite barabarani bila kuitwa mwizi.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, Meneja aliifunika kitambaa cha kufuma na kuamuru tuvue viatu mlangoni. Funguo za chumba alitembea nazo. Kwa muda mrefu kazi ya kompyuta ile ilikuwa kuonyeshwa wageni. Mimi ndiye niliyepewa heshima ya kuifunua kitambaa, na nilikuwa nimevua viatu.

Aliyetutoa katika ujinga huo ni Mzee Mushi. Alikuwa Mchaga aliyeletwa huku na dhahabu. Alichimba Nyamongo mpaka akakubali kwamba dhahabu ya huko haimfahamu, akahamia Mugumu kutengeneza redio sokoni, na ushirika ukamchukua. Vifaa vyake viliingia kwenye kopo la maziwa: bisibisi tatu, kisu cha mezani, na brashi ya kupakia rangi ambayo haikuwahi kuona rangi, kazi yake ilikuwa kufagia vumbi ndani ya mashine. Nyangi, brashi hiyo iko kwenye droo ya chini. Usiitupe.

Mzee Mushi alikuwa na swali moja analoanza nalo kwa kila mashine iliyogoma. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, aliwatazama waliokuwemo chumbani na kuuliza, "Nani kaigusa mara ya mwisho?" Mara nyingi mashine ilipona mara tu baada ya mtu kukiri.

Ulipoletwa mfumo wa kutoa hati kwa njia ya mtandao, zilikuja kompyuta mbili, moja ya kukaa mbele na nyingine ya kukaa nyuma. Nilimwuliza Mzee Mushi kwa nini mbili, ikiwa kazi ni moja. Alinipeleka ukumbini, ambako Rhobi alikuwa amekaa kwenye dirisha la kupokea watu, na sindano zake za kufuma mapajani.

"Bhoke, mwombe fomu tupu," akaniambia.

Nikaomba. Rhobi akanyoosha mkono bila kuinua macho, akanipa fomu.

"Sasa mwombe hati ya ng'ombe wa baba yako."

Hapo Rhobi akaguna, akaweka sindano pembeni, akaenda chumba cha nyuma kwa Mzee Magesa, karani mkuu. Magesa akavaa miwani, akafungua faili la baba, akauliza maswali matatu kupitia mlango, akaandika, akapiga muhuri. Rhobi akairudisha hati dirishani.

"Rhobi ni seva ya wavuti," akasema Mzee Mushi. "Kila anayekuja anaanza kwake. Vitu vilivyo tayari, picha, matangazo, fomu tupu, anatoa mwenyewe. Kitu kinachotaka kufikiriwa, kinachotofautiana mtu na mtu, anakipeleka nyuma. Magesa ni seva ya programu. Yeye ndiye anayefungua faili na kujua huyu ni nani."

"Kwa nini watu wasiende kwa Magesa moja kwa moja?"

"Siku ya mnada wakimvamia watu mia, si atazimia?"

Rhobi alituwekea kinyongo wiki nzima. Alisema amesikia tukimwita seva, na hata kama si tusi, tungemwambia kwanza. Lakini majina yalikaa. Mpaka leo kompyuta ya mbele inaitwa Rhobi na ya nyuma inaitwa Magesa. Mzee Magesa mwenyewe alistaafu akiwa na fahari kubwa kwamba kuna mashine inayoitwa jina lake na inayokataa kazi kwa sababu zilezile.

Aliyechelewa kuielewa tofauti hii ni Meneja. Asubuhi moja simu zilianza kulia: wanachama wanafungua mfumo, wakibonyeza hati, kinatokea kiandiko cha hitilafu chenye namba mia tano na mbili. Nikaenda kumwambia Meneja mfumo umekufa. Akageuza simu yake nione.

"Umekufaje? Mimi naona ng'ombe."

Ni kweli, ng'ombe alikuwepo. Ukurasa wetu wa mbele una picha ya fahali mmoja mnene. Nikamweleza kwamba ng'ombe yule ni picha, anatolewa na Rhobi, na Rhobi ni mzima. Aliyezimia ni Magesa. Meneja akasema yeye hawezi kumwambia mwenyekiti kwamba mfumo umekufa wakati ng'ombe anaonekana. Tulibishana mpaka Mzee Mushi alipoingia chumba cha nyuma, akauliza swali lake, na mpishi akakiri kwamba alichomoa waya mmoja ili achomeke birika la chai ya wageni. Tangu siku hiyo Meneja akawa mtaalamu. Kila hitilafu ikitokea, hata ya choo, aliuliza, "Kazimia Rhobi au Magesa?"

Nilimcheka Meneja kwa miaka mingi kwa ajili ya yule ng'ombe. Mtaona jinsi nilivyolipwa.

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Mzee Mushi alikuwa amekwisha rudi kwao Kilimanjaro. Mwanangu wa kwanza, Mwita, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki huko Issenye, na huko akampenda binti anayeitwa Ghati. Nilipouliza baba yake ni nani, nikaambiwa Mzee Nyamhanga. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Mzee Nyamhanga alikuwa mwanachama wetu, na sifa zake zilifika mpaka masijala. Ni mtu aliyenyooka kupita kiasi. Siku moja ng'ombe wa jirani waliingia shambani kwake wakala mtama, na yeye ndiye aliyekwenda kwa jirani kujishtaki kwamba uzio wake ulikuwa mbovu. Mtu wa namna hiyo hamwozeshi binti yake kwa mzaha.

Mshenga wetu, Mzee Sasi, shemeji ya marehemu mume wangu, alikwisha kwenda mara mbili na kupokelewa vizuri. Ilibaki aende Jumamosi kuchukua neno la mwisho. Mimi sikuwahi kumwona Mzee Nyamhanga uso kwa uso kuhusu jambo hilo, kwa sababu kwetu mama wa kijana haendi mwenyewe ukweni kabla ng'ombe hawajakwenda. Nilikaa Mugumu nikisubiri, nikijifanya nina kazi nyingi.

Kazi zenyewe zilikuwepo. Siku za mnada mfumo ulikuwa unakwenda polepole mno. Watu walibonyeza, wakaenda kunywa chai, wakarudi, kiduara bado kinazunguka. Meneja alinisumbua. Jumatano mchana nikaamua kumpunguzia Magesa mzigo kwa kumfundisha Rhobi kukumbuka: akishapata kitu kutoka nyuma mara moja, akihifadhi, na anayefuata akiomba kitu kilekile ampe kile alichokihifadhi bila kwenda nyuma tena. Si jambo baya. Kwa picha na matangazo ni jambo zuri sana, tangazo la chanjo ni lilelile kwa kila mtu. Unaandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva ya wavuti, chini ya sehemu ya picha na matangazo.

Mimi niliuandika juu kabisa, ukashika kurasa zote.

Nilikuwa na haraka. Nyumbani kulikuwa na kikao cha ukoo kuhusu ng'ombe wa mahari, na shangazi wa Mwita hawaanzi kikao mpaka mwenye kupika chai afike. Nikauwasha mfumo upya, nikafungua ukurasa wa mbele, nikamwona yule fahali mnene, nikasema uko sawa, nikaenda zangu. Ndiyo, Nyangi. Niliona ng'ombe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mahali penyewe. Mwanachama akishaingia kwa namba yake ya siri, hufungua ukurasa unaoitwa Hati Yangu. Anwani ya ukurasa huo ni moja kwa wanachama wote. Magesa hutazama ni nani aliyeingia, akafungua faili la huyo. Lakini Rhobi niliyemfundisha alikuwa anatazama anwani tu. Alhamisi asubuhi wa kwanza kuifungua alikuwa Mzee Nyamhanga, kwa kuwa yeye huamka mapema kwa kila jambo. Alikuwa anawapeleka ng'ombe tisa kwa mdogo wake huko Tarime, majani yalikuwa yameisha Issenye. Magesa akaitengeneza hati yake vizuri kabisa: Nyamhanga, ng'ombe tisa, mmoja mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika. Rhobi akaipokea, akampa mwenyewe, akabaki na nakala. Wengine watano waliofuata asubuhi hiyo, kila mmoja wao na ombi lake lililokubaliwa tangu siku iliyotangulia, waliomba Hati Yangu na wote wakapewa Nyamhanga.

Saa tatu Meneja alikuja ofisini kwangu na soda baridi mkononi.

"Bhoke, umeuponya mfumo! Hati inatoka kabla mtu hajainua kidole."

Nilitazama kompyuta ya nyuma, nikaona haina kazi hata kidogo, imetulia tuli. Nikajisifu moyoni kwamba nimempumzisha mzee wa watu. Afisa mwenye akili angejiuliza: kama Magesa amepumzika, hizo hati anazitoa nani? Mimi nilikunywa soda.

Baadaye nilisimuliwa yaliyotokea sokoni kwenye stesheneri ya kijana mmoja aliyekulia Sirari, ambaye huwachapia watu hati zao. Mfugaji mmoja wa Machochwe alipoitazama karatasi yake alisema, "Mura, hili jina si langu."

"Hebu ona, imeandikwa na machine," akajibiwa. "Machine haiwezi danganya. Si pengine wewe ndio ulijiandikisha vibaya?"

"Mimi nimejiandikisha vibaya jina langu?"

"Inatokeanga sana."

Na yule mtu, kwa jinsi alivyouheshimu muhuri wa ushirika, akaichukua.

Saa saba mchana simu yangu ililia. Alikuwa mkaguzi wa kizuizi kimoja kwenye barabara ya kwenda Tarime, kijana mpole, sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Shikamoo, mama. Mna mwanachama anaitwa Nyamhanga?"

"Marahaba. Yupo. Mtu mzuri sana."

"Naamini, mama. Mpaka sasa amefika hapa mara tano, na kila mara na sura nyingine."

Nilikaa. Kiti kikalegea upande wa kulia, nikashika meza. Akaendelea kunieleza taratibu. Nyamhanga mmoja alikuja na ng'ombe kumi na wanne. Mwingine alikuwa na wanne tu, akaulizwa wale watano wengine amewauza wapi. Wa tatu, alipoona karatasi inataka ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika, alizunguka kundi lake lote akachagua mmoja, akasema, "Huyu hapa, ndiyo inaanza kuvunjika." Wote walikuwa wamezuiwa kando ya barabara, na kila mmoja alianza kumshuku mwenzake kuwa ndiye mwizi, maana yeye mwenyewe alijijua.

"Sasa hivi amefika wa sita," akasema mkaguzi. "Mzee hivi, anasema katokea mbali, Issenye. Nimemwuliza jina, anasema Nyamhanga. Nimemwambia, mzee wangu, kwa leo hapana."

"Huyo ndiye mwenyewe!"

"Ndivyo walivyosema wote, mama."

Nilikata simu nikampigia Mzee Mushi Kilimanjaro. Nilimweleza yote bila kupumua. Akauliza, "Nani kaigusa mara ya mwisho?"

"Mimi."

"Umemfundisha Rhobi kukumbuka?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikasikia mkewe akiuliza kama aite daktari. Alipotulia aliniambia nifute alichokihifadhi Rhobi, niushushe mstari mahali pake, kisha nijaribu kwa majina mawili tofauti. Nilijua yote hayo. Nilimpigia kwa sababu nilitaka mtu anicheke kabla sijalia.

Nikafanya kama alivyosema. Nikaingia kama mwanachama mmoja, nikaona jina lake. Nikaingia kama mwingine, nikaona la huyo. Nikachapa hati sita za kweli, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda bodaboda. Meneja alinikimbilia getini akiuliza, "Kazimia nani?"

"Mimi," nikamjibu.

Kizuizini niliwakuta wote sita. Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo umenyooka, fimbo magotini, ng'ombe wake tisa nyuma yake wakiwa na utulivu kuliko watu. Mkaguzi akasoma hati moja baada ya nyingine, akahesabu ng'ombe, akatazama pembe, akawaachia. Yule wa pembe inayoanza kuvunjika aliondoka bila kutazama nyuma. Mzee Nyamhanga aliitwa wa mwisho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba fupi sana.

"Miaka yote hii nimekuwa Nyamhanga bila karatasi," akasema, akimwambia mkaguzi, si mimi. "Leo kijana ananiomba nithibitishe. Nani kafanya jambo hili?"

Mkaguzi hakuwa na nia mbaya. "Mama huyu anaweza kukueleza, mzee. Ndiye mwenye kompyuta za ushirika. Mama Mwita."

"Mwita yupi?"

"Wa vipuri, pale Issenye," nikasema, kwa kuwa hapakuwa na namna.

Alinitazama mara moja kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Akachukua hati yake, akawaswaga ng'ombe wake, akaenda. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Ningetukanwa ningepata nafuu.

Jumamosi Mzee Sasi alikwenda Issenye na baiskeli yake, akarudi mapema mno. Alikaa, akaomba maji, akatoa ujumbe kama alivyopewa: "Siwezi kumtoa binti yangu kwenye nyumba inayogawa jina langu kama karanga."

Mwita hakula siku hiyo. Alikaa mlangoni, kichwa mikononi. Baadaye akasema bila hasira, "Mama, ulikuwa umebakiza miezi mitatu tu." Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimewapitisha watu barabarani maisha yangu yote, na sasa niliyemzuia ni mwanangu mwenyewe.

Mzee Sasi ndiye aliyepata njia. "Ukienda kama mama wa kijana umeharibu kabisa," aliniambia. "Lakini ushirika ukimtuma mtu wake kumwomba radhi mwanachama, hiyo ni kazi. Nenda kama mtu wa kompyuta."

Jumatatu nilivaa kitambulisho cha kazi shingoni, nikaenda. Mzee Nyamhanga alikuwa langoni mwa zizi akirekebisha fito za uzio.

"Shikamoo, tata. Nimekuja kama mtu wa kompyuta."

"Marahaba." Akafikiri. "Kama mtu wa kompyuta, kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza dirisha na chumba cha nyuma, lakini nilipomwona na fito zake maneno hayo yaliniishia. Nikamwuliza, "Tata, Mzee Sasi alipokuja mara ya kwanza, ulimwuliza jina la kijana na ukoo wake?"

"Nilimwuliza. Akanijibu papo hapo."

"Na ulipomwuliza tunataka harusi iwe lini?"

"Alisema hana ruhusa. Arudi kuwauliza wenyewe."

"Ndivyo ilivyo na sisi, tata. Tuna mashine mbili. Moja ni ya mlangoni, kama Sasi. Mambo yaliyo wazi inajibu yenyewe. Nyingine iko ndani, kama wazee. Jambo la mtu na ng'ombe wake lazima lipelekwe ndani kila mara, kwa kila mtu. Mimi nikamwambia wa mlangoni asihangaike: akishapewa jibu mara moja, awape wote jibu lile."

Mzee aliacha fito.

"Yaani mshenga kaposa nyumba sita kwa jibu la nyumba moja."

"Ndiyo, tata."

"Na la kwangu ndilo lilikuwa la kwanza."

"Uliamka mapema."

Hakucheka, lakini kitu kwenye shavu lake kilihangaika. "Huyo wa mlangoni, nani alimwambia afanye hivyo?"

Nilisikia sauti ya Mzee Mushi ndani ya swali hilo. "Mimi. Kwa mkono wangu. Nilikuwa na haraka ya kikao cha kupanga ng'ombe wa kuja kwako. Sisi watu wa kompyuta jambo likiharibika tunasema ni mtandao, na watu wanakubali. Ningeweza kukuambia ni mtandao."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ulikaa juu ya jiwe lile kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtandao."

Akaichukua fito aliyokuwa ameiacha, akaisokomeza mahali pake, akaijaribu kwa mkono kama imeshika. Kisha akamwita Ghati alete uji. Binti alinikabidhi bakuli kwa mikono miwili bila kunitazama usoni, na mimi nilijifanya sijui ni nani, maana nilikuwa mtu wa kompyuta.

"Mshenga wenu arudi," akasema Mzee Nyamhanga nilipoaga. "Lakini siku mtakapoleta ng'ombe, hati nitaisoma mimi kwanza. Kabla hawajavuka lango hili."

Nyangi, mstari uko mahali pake sasa, chini ya sehemu ya picha na matangazo, na juu yake nimeandika maelezo kwa herufi kubwa. Usiupandishe. Ukiona Magesa hana kazi siku ya mnada, usinywe soda. Na ukitaka kujua kama mfumo ni mzima, usitazame ng'ombe. Ingia kama mtu mmoja, kisha kama mwingine, uone kama wote wawili bado ni wao.

Hati ya mwisho niliyoichapa kabla ya kukabidhi ofisi ilikuwa ya ng'ombe wetu wa kwenda Issenye. Niliisoma mara tatu, kisha akaisoma Rhobi, binadamu, si mashine, ambaye alikuja kutoka kwao kwa ajili hiyo. Tulipofika langoni, wazee wa upande wetu wakasimama mbele na ng'ombe, na akina mama tukasimama nyuma. Mzee Nyamhanga alitoka amevaa koti. Mzee Sasi akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Aliisoma yote. Alisoma ng'ombe wa kwanza, akamtazama ng'ombe wa kwanza. Alisoma wa pili, akamzunguka. Mwita alikuwa anatokwa jasho mpaka kola ya shati ikalowa, na Ghati alikuwa amejibanza mlangoni nyuma ya shangazi zake, akihesabu kwa midomo. Mzee akafika mwisho, akarudi juu kwenye jina la mwenye ng'ombe, akalisoma tena, akavua miwani.

"Jina hili si langu," akasema kwa sauti, ili wote tusikie. Kisha akashika fito za lango mwenyewe, akazivuta pembeni. "Waingizeni."